Dozi ya Nne Haitajibu: Maumivu Sugu ya Chini ya Kitovu



Leo nataka tuliseme hadharani jambo ambalo wengi hulinong'ona: maumivu ya chini ya kitovu yasiyokwisha. Sizungumzii tumbo la siku mbili. Nazungumzia maumivu ya nyonga, kinena, kiuno na via vya uzazi yanayodumu miezi sita na zaidi. Yanapoa Jumatatu, Alhamisi yamerudi. Yanamfanya mama auache mkungu wa ndizi njiani kwa sababu hawezi kuunyanyua. Yanamfanya kijana wa bodaboda ashuke kwenye pikipiki amekunja uso. Akina mama wengi husema ni chango, wanaume husema ni ngiri, na ukifika kwenye matibabu unaambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, au PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi vya ndani.

Hoja yangu ni hii. Ukishameza dozi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na maumivu yakabaki palepale, dozi ya nne ya dawa zilezile haina jipya la kukupa. Kinachotakiwa kubadilika ni swali. Utafiti wa miaka ya karibuni umeleta maswali mapya na majibu kadhaa, na baadhi ya majibu hayo yanapatikana hapahapa kwetu.

Chukua lile daftari dogo la shule tunalokwenda nalo zahanati. Lifungue. Machi: tumbo la chini, UTI, antibayotiki ya sipro. Mei: tumbo la chini, PID, doksi na metronidazo. Agosti: UTI tena, sindano za siku tano. Novemba: PID, dozi ya mume na mke. Hakuna mahali palipoandikwa maumivu yalianza lini. Hakuna aliyeuliza kama yanakuja na hedhi, kama yanazidi wakati wa tendo la ndoa au wa kwenda haja. Huo ni mfano tu, sijamsoma mtu daftari lake. Lakini najua wako wanaonisikiliza sasa hivi ambao la kwao limeandikwa hivyohivyo.

Tusiwalaumu wahudumu wetu haraka, maana desturi hii ya kutoa dawa kwa kuangalia dalili ina historia, tena historia ya heshima. Mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Tulizika watu. Miaka ya mwanzo ya tisini, wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakishirikiana na shirika la AMREF na wenzao wa London, walifanya utafiti mkubwa ng'ambo ya ziwa, mkoani Mwanza, katika jamii 12. Walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za vijijini kutapunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI. Matokeo yalipotoka mwaka 1995, maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40 katika jamii zilizopata huduma hiyo. Dunia nzima ilisikia.

Njia iliyotumika ilikuwa kutibu kwa kufuata dalili. Zahanati haina maabara kubwa, basi mhudumu anaangalia dalili na kutoa dawa siku hiyohiyo. Usaha kwenye uume, dawa hizi. Kidonda sehemu za siri, dawa hizi. Mwanamke mwenye maumivu ya tumbo la chini, dawa hizi. Kwa mama mwenye homa, uchafu wenye harufu na maumivu yaliyoanza wiki hii, utaratibu huo unaokoa kizazi na unaokoa maisha. Naunga mkono uendelee. Tatizo linakuja pale dawa iliyopangwa kwa maumivu ya wiki moja inapopewa mtu mwenye maumivu ya miaka mitatu, tena na tena.

Sasa sikilizeni jambo lililogunduliwa hapa Afrika Mashariki. Mradi wa utafiti uitwao HATUA uliwachunguza watu zaidi ya 7,500 Tanzania, Kenya na Uganda, Mwanza ikiwamo. Wote walikuwa na dalili za UTI. Mkojo wao ulipopelekwa maabara na kuoteshwa, ni karibu theluthi moja tu waliokutwa na vijidudu vya kuthibitisha ugonjwa huo. Na katika vijidudu vilivyopatikana, karibu nusu vilikuwa sugu kwa dawa za aina kadhaa. Kwa lugha nyingine, katika kila watu watatu wanaohisi wana UTI, kwa wawili hivi kipimo hakikuona maambukizi. Watu hao wawili wanaumwa kweli. Ila chanzo kinaweza kuwa kingine, na antibayotiki wanazomeza zinavifundisha vijidudu ukaidi, hata siku wakipata maambukizi ya kweli dawa ishindwe.

Na hata pale maambukizi yalipokuwa ya kweli, hadithi haiishi na vijidudu. Marekani waliwafuatilia wanawake zaidi ya 800 waliotibiwa PID. Walipewa dawa sahihi. Baada ya miaka karibu mitatu, takriban mmoja kati ya watatu alikuwa na maumivu sugu ya tumbo la chini. Maambukizi yalitibiwa, maumivu yakabaki. Huenda yaliachwa na makovu, na mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa. Mtu wa namna hiyo ukimpa antibayotiki nyingine, unamtibu mgeni aliyekwisha kuondoka.

Upo pia ugonjwa ambao kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mwanamke mweusi haupati. Unaitwa endometriosi. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inaota nje yake: kwenye mirija, kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, hata kifuani. Hedhi inapofika, nayo inavimba na kuvuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea. Hapo ndipo msichana anapojikunja kitandani siku tatu na kukosa shule kila mwezi.

Mwaka 1976 daktari mmoja mweusi wa Marekani, Donald Chatman, alichapisha matokeo yaliyowashangaza wenzake. Aliwachunguza kwa kamera wanawake weusi, na zaidi ya asilimia 20 aliwakuta na endometriosi, wengi wao wakiwa wameambiwa awali kwamba wana PID. Walikuwa wamebeba jina la ugonjwa wa zinaa ambao hawakuwa nao. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, watu milioni 190 duniani. Katika shule yenye wasichana 40 darasani, wastani huo ni wasichana wanne.

Wengi wenu mnaofuatilia redio za jirani mnalikumbuka jina la Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya. Maumivu yake yalianza na hedhi ya usichana, na ilichukua miaka mingi kabla ya kuambiwa ni endometriosi. Kwake ilifika mpaka kifuani, mapafu yakawa yananywea. Mwaka 2018 Wakenya walimchangia akaenda Atlanta, Marekani, kufanyiwa upasuaji. Alirudi akausema ugonjwa wake hewani bila aibu, akiwatetea wasichana wasioaminiwa. Alifariki tarehe 3 Juni 2024. Sisi tunaofanya kazi ya kipaza sauti tunadaiwa na dada yule, na deni lenyewe ni kuendelea kusema.

Basi matibabu yamefika wapi?

Kwanza, zamani ilisemwa kwamba huwezi kujua kama ni endometriosi mpaka uingizwe kamera tumboni chini ya dawa ya usingizi. Kwa mama wa Mabira au Kimuli, hiyo ilikuwa na maana ya safari ya Mwanza, nauli, na mtu wa kukusindikiza. Mwaka 2022 chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya kilibadilisha mwongozo wake. Sasa daktari akikusikiliza vizuri, akakupima kwa mkono na utrasaundi, na dalili zikaelekea huko, anaweza kuanza kukutibu bila kusubiri kamera. Na utrasaundi ikionekana safi, haimaanishi kwamba hauumwi. Madoa madogo ya endometriosi hayaonekani kwenye picha hiyo.

Pili, tiba ya kuanzia. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wanawake 405 waliofanyiwa upasuaji wa endometriosi katika hospitali 34. Baada ya upasuaji, wengine walipewa vidonge vya majira, wengine sindano ya miezi mitatu au kitanzi chenye homoni, ili maumivu yasirudi. Miaka mitatu baadaye, makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayolingana, maumivu yakiwa yamepungua kwa karibu asilimia 40. Msikilizaji, vidonge vya majira na sindano ya miezi mitatu vipo kwenye vituo vyetu vya serikali, chumba cha uzazi wa mpango, na havilipiwi. Tumezoea kuvitazama kama vitu vya kupangia uzazi tu. Kwa mwanamke mwenye maumivu ya hedhi yanayomlaza chini, vinaweza kuwa dawa yake ya kwanza. Ila azungumze na mhudumu: kama anatafuta mtoto mwaka huu, kama ana shinikizo la damu, kama ananyonyesha. Sindano huweza kuchelewesha kushika mimba hata baada ya kuiacha. Na kile kitanzi cha shaba kisicho na homoni hakisaidii maumivu ya hedhi, kwa wengine huyaongeza.

Tatu, ziko dawa mpya za kumeza zinazoshusha homoni kutoka kwenye ubongo wenyewe. Moja, relugoliksi, huchanganywa na homoni kidogo ili mifupa isidhoofike, na Marekani waliiruhusu kwa maumivu ya endometriosi mwaka 2022. Ni hatua kubwa, lakini kwa sasa ni dawa za nchi zenye fedha. Nazitaja ili mjue zipo, wala asije mtu kuwauzia kitu kwa jina hilo mnadani.

Nne, Japani. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walisema wamekuta kijidudu kiitwacho fusobakteria ndani ya kizazi cha wanawake wengi wenye endometriosi, karibu asilimia 64, na kwa wasio nayo chini ya asilimia 10. Walipowatibu panya kwa antibayotiki, ugonjwa ulipungua. Habari hii inatia matumaini, na ndiyo hiyohiyo ninayoiogopa ikifika kwenye duka la dawa nusunusu. Panya si binadamu. Asitoke mtu leo kwenda kununua metronidazo kwa sababu ameisikia redioni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote. Mwili unaweza kuendelea kuuma hata kidonda kikiwa kimepona. Mbwa wa nyumbani aliyewahi kuvamiwa na mwizi hubweka hata jani la mgomba likitikisika. Mishipa ya fahamu ya nyonga iliyoumizwa kwa miaka hufanya vivyo hivyo: mkojo ukijaa kidogo, inapiga kelele, choo kikipita, inapiga kelele, mume akimgusa mkewe, inapiga kelele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2012 kwamba hata ubongo wa wanawake wenye maumivu sugu ya nyonga huwa na mabadiliko kwenye sehemu zinazoshughulikia maumivu. Kwa hiyo tukisema mishipa ya fahamu inahusika, hatusemi mama anajifanya. Tunasema ugonjwa umehamia mahali ambapo antibayotiki haiendi.

Na misuli nayo. Chini ya nyonga kuna misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mtu akiumwa muda mrefu huikaza bila kujua, mchana na usiku, mpaka inafanya mafundo. Marekani waliwachukua wanawake wenye maumivu ya kibofu na nyonga, nusu wakapewa fiziotherapia ya misuli hiyo, nusu wakakandwa mwili wa kawaida. Waliopata fiziotherapia, asilimia 59 walisema wamepata nafuu. Waliokandwa tu, asilimia 26. Hakukuwa na kidonge hapo. Ilikuwa mikono ya mtaalamu, na mazoezi.

Hospitali za rufaa zina vitengo vya fiziotherapia, na daktari anaweza kukuandikia. Lakini hatua ya kwanza naweza kukupa hapahapa. Tandika mkeka mahali tulivu. Lala chali, kunja magoti, nyayo zote zikanyage chini. Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta hewa kwa pua, polepole, mpaka mkono wa tumboni unyanyuke na wa kifuani utulie. Hewa inapoingia, ilegeze ile misuli unayoibana ukizuia mkojo. Iache ishuke. Kisha toa hewa kwa mdomo taratibu, bila kusukuma wala kubana. Fanya hivyo dakika tano asubuhi na dakika tano usiku. Wengi wamefundishwa kubana misuli hiyo ili iwe na nguvu. Kwa mwenye maumivu ya kukakamaa, kubana kunaweza kuongeza matatizo. Yeye ajifunze kulegeza.

Wanaume, msizime redio, zamu yenu imefika. Maumivu ya msamba, korodani, chini ya kitovu, na kuuma baada ya tendo la ndoa yanawapata wanaume wengi, hata vijana. Mara nyingi huambiwa ni tezi dume ina wadudu. Katika wanaume wenye hali hii ya kudumu, kwa karibu tisa kati ya kumi vipimo havioni bakteria yoyote. Kwao pia misuli na mishipa ya fahamu ndiyo ya kuangaliwa. China walifanya utafiti kwa wanaume 440 uliochapishwa mwaka 2021: waliotibiwa kwa sindano nyembamba za jadi yao, asilimia 60 walipata nafuu, na waliochomwa sindano za kuigiza asilimia 37. Mwanamume anayemeza doksi mwezi wa tano mfululizo kwa siri, bila mkewe kujua, ajue kwamba si lazima awe na ugonjwa wa aibu.

Nisiwadanganye kwamba kila kipya kinafanya kazi. Dawa ya gabapentini ilikuwa ikiandikwa sana Uingereza kwa maumivu sugu ya nyonga yasiyojulikana chanzo. Wakaamua kuipima vizuri kwa wanawake 306. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba haikuzidi kidonge kisicho na dawa, na iliwaletea wengine kizunguzungu na usingizi. Kupima dawa kwa uaminifu namna hiyo kunaokoa watu. Anayekuahidi dawa moja ya kumaliza kila chango na kila ngiri kwa siku saba, ya chupa au ya kidonge, hajaipima.

Basi tufanye nini kuanzia kesho? Lile daftari, geuza kurasa za nyuma, uanze kuandika mwenyewe. Tarehe. Maumivu ni makali kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi. Je, uko kwenye hedhi? Yalizidi ukikojoa, ukienda choo, baada ya tendo la ndoa, au baada ya palizi ya kahawa? Andika miezi miwili. Asiyejua kuandika, mwanawe wa darasa la tano anaweza kumsaidia kuweka alama. Halafu nenda nalo, mwonyeshe mhudumu, na umwombe mambo matatu kwa heshima: mkojo uoteshwe kabla ya antibayotiki nyingine, upimwe kwa mkono na utrasaundi, na kama umemaliza dozi tatu bila nafuu, upewe rufaa. Njia ipo. Zahanati, kituo cha afya, kisha Nyakahanga kwa Karagwe au Isingiro kwa Kyerwa, kisha Bukoba, na ikibidi Bugando. Kama kuna jambo la kuumiza lililokupata mwilini kwa nguvu, zamani au juzi, lina nafasi yake katika maelezo hayo, na una haki ya kulisema faraghani.

Lakini yako maumivu yasiyosubiri daftari. Hedhi imechelewa na tumbo likauma ghafla upande mmoja, ukahisi kuzirai: kimbia hospitali, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Homa kali na tumbo gumu: kimbia. Damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi: nenda wiki hiyohiyo upimwe mlango wa kizazi. Korodani ikivimba na kuuma ghafla kwa kijana: ni dharura ya saa, si ya siku.

Kwenu akina baba: mke anayekataa usiku kwa sababu anaumia hajakukataa wewe. Msindikize hospitali, na maumivu yasigeuzwe kuwa mashtaka ya uzinzi. Kwenu akina mama wakwe na shangazi: maneno ya "hata sisi tuliumwa, tukanyamaza" yaishie kwenu. Walimu, msichana anayekosa shule kila mwezi siku zilezile aitwe na kuulizwa, wala asichapwe. Na kwenu waganga wafawidhi na wauguzi wa zahanati zetu, mnaofanya kazi na foleni ndefu na dawa chache: mgonjwa akirudi mara ya nne, ongezeni swali moja kabla ya kuandika, yalianza lini na yanakuja lini. Swali hilo halihitaji maabara wala umeme, na kwa mama mmoja wa Nkwenda au Kayanga linaweza kuwa mwanzo wa tiba aliyoisubiri miaka kumi.

 Anayeumwa na ameficha, leo amwambie mtu mmoja.